Uzi: Breki na rejeta za gari la zamani, jinsi ya kuzitengeneza mwenyewe kwa usalama

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu wote.

Humu haipiti wiki bila mtu kuja na "gari langu linachemsha" au "breki zinazama", na majibu yanamiminika: badilisha masta silinda, badilisha rejeta, toa themostati. Vipuri vinabadilishwa, tatizo liko palepale. Nashusha uzi huu kwa ajili ya wenzangu wenye magari ya zamani, ambao wangependa kazi hizi wazifanye kwa mikono yao na wazifanye vizuri.

Breki na rejeta nimeziweka pamoja kwa makusudi. Ukizitazama vizuri, yote miwili ni mifumo ya kimiminika kilichofungiwa. Kikipungua, kuna mahali kimekwenda. Hewa ikiingia, mfumo haufanyi kazi yake. Kikichakaa, kinaanza kula vyuma na raba kwa ndani. Na tabia inayoharibu magari mengi ya zamani ni ileile pande zote mbili: kuongeza tu kila kikipungua, bila kutafuta kinakokwenda.

Tuanze na usalama, maana hapa sitanii. Gari liwe kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Zuia magurudumu yanayobaki chini, mbele na nyuma. Legeza nati za tairi kabla hujanyanyua, si baada. Jeki ni ya kunyanyulia, stendi ndiyo ya kushikilia. Hakuna kazi yoyote kwenye uzi huu inayofanywa gari likiwa juu ya jeki peke yake. Matofali na mawe hayahesabiki, tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Ukishaweka stendi, lisukume gari kwa nguvu ukiwa umesimama pembeni. Likicheza, shusha uanze upya.

Jambo la pili ni vumbi la breki. Pedi na laining za miaka ya nyuma nyingi zilitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Usipulize kwa kompresa, usipulize kwa mdomo. Lowanisha kwa dawa ya kusafishia breki au maji yenye sabuni, futa kwa kitambaa, kitupe kikiwa bado kibichi.

Sasa breki.

Kabla hujafungua kitu, sikiliza mguu wako unasemaje. Pedali laini inayobonyea kama sponji, mara nyingi kuna upepo ndani. Pedali ambayo ukiikandamiza taratibu na kuishikilia inaendelea kuzama yenyewe, kuna uvujaji; usipouona nje popote, basi masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) inapitisha kwa ndani. Pedali inayokwenda chini sana mara ya kwanza, ukipiga mara ya pili inapanda, angalia urekebishaji wa breki za nyuma za dramu. Usukani unaotetemeka ukikanyaga breki, shida iko kwenye diski. Gari linalovuta upande mmoja, kuna kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) iliyonata au hozi (mpira unaopeleka oili kwenye kalipa) iliyoziba upande mmojawapo.

Kuna kipimo kidogo cha busta (kifaa kinachouongezea mguu nguvu ya kukanyaga breki) ambacho kila mtu anaweza kukifanya. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Iendelee kukanyagwa, kisha washa injini. Pedali ishuke kidogo, basi. Hapo busta inafanya kazi. Isiposhuka kabisa, chunguza mpira wa kuvuta hewa unaotoka kwenye injini kabla ya kuilaumu busta yenyewe.

Kuhusu oili ya breki, hapa naomba tusome polepole. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 (madaraja yanayoandikwa kwenye chupa) ni familia moja, zote zinafyonza unyevu kutoka hewani. DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishafyonza maji kiasi cha asilimia 3.7 hivi, kiwango kinaruhusiwa kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikishafyonza. DOT 5.1 ni 260 na 180. Sasa piga picha ya gari limebeba mzigo kwenye mteremko mrefu, dereva kakanyaga breki muda wote. Joto la pedi linahamia kwenye kalipa, oili iliyochoka inachemka, inatoa mvuke. Oili haibonyei, mvuke unabonyea. Mguu unakwenda hadi sakafuni na gari halisimami. Ukisubiri lipoe, breki zinarudi, na fundi akipima anakwambia ziko sawa. Ndiyo maana oili ya breki inabadilishwa kwa muda, karibu kila miaka 2 kwa magari mengi, hata kama haijapungua tone.

DOT 5 yenyewe ni kitu kingine kabisa, ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo nyingine. Namba zinafanana ila usidanganyike, 5 na 5.1 si ndugu. Na usithubutu kuweka oili ya injini, ya usukani au ya gia kwenye kikopo cha breki. Raba za breki zinavimba zikikutana na mafuta ya madini ya aina hiyo, na ikishaingia, dawa ni kubadilisha raba zote kuanzia masta hadi magurudumuni. Dalili ya kwanza utaiona kwenye raba ya kifuniko cha kikopo: imevimba na hairudi mahali pake.

Nilisema kikipungua kuna mahali kimekwenda. Kwenye breki kuna hali moja halali: pedi zinavyolika, pistoni za kalipa zinasogea nje, oili inazifuata, na kikopo kinashuka taratibu. Huo si uvujaji. Ukiona imeshuka kidogo kidogo kwa miezi, kagua unene wa pedi kwanza. Ukiongeza tu, siku ya kuweka pedi mpya na kurudisha pistoni ndani, oili itafurika na kumwagika, nayo inakula rangi ya gari. Ikimwagika, osha kwa maji mengi hapohapo.

Kubadilisha pedi. Fanya gurudumu moja kwa wakati, ili la upande wa pili likusaidie kukumbuka vilivyokaa. Lakini pedi zenyewe badilisha pande zote mbili za ekseli. Kalipa ukishaifungua, itundike kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa hozi yake.

Sasa shika zile pedi kuukuu, ya ndani na ya nje, uziweke pamoja. Watu wengi wanazitupa bila kuzitazama, na zenyewe ndizo zinazoeleza kila kitu. Zikiwa zimelika sawa, kalipa yako ni nzima. Ya ndani ikiwa imebaki milimita 2 na ya nje bado 8, pini ambazo kalipa inateleza juu yake zimeganda, hivyo pistoni inasukuma pedi ya ndani peke yake na ile ya nje inasindikiza tu. Pedi ikiwa imelika mshazari, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, mara nyingi ni pini moja kati ya mbili iliyoganda. Ukiweka pedi mpya bila kushughulikia pini, baada ya muda mfupi utarudi kulekule.

Chomoa pini zote mbili. Ziwe zinatoka kwa mkono. Futa grisi kuukuu, sugua kutu, na kama chuma chake kimeliwa na kuwa na mashimo, weka mpya. Paka grisi ya silikoni iliyotengenezwa kwa ajili ya breki, kiasi chembamba tu. Grisi ya kawaida ya bearing usitumie, itavimbisha raba za pini na zitaganda tena vibaya zaidi. Angalia pini gani ilitoka wapi, kwa sababu kwenye kalipa nyingi moja ina kipande cha raba nchani na haziingiliani.

Pistoni inarudishwa kwa klampu, polepole. Fungua nipeli (ile skrubu yenye tundu nyuma ya kalipa) wakati unasukuma, oili chafu itoke kwa mpira kwenda kwenye chupa badala ya kurudi juu kwenye masta au kwenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki), kisha funga kabla hujaachia klampu. Kagua raba ya vumbi ya pistoni. Ikichanika, maji yanaingia na pistoni inaota kutu. Kwenye baadhi ya kalipa za nyuma zenye handbreki ndani yake, pistoni hairudi kwa kusukumwa, inazungushwa. Ukilazimisha kwa klampu utavunja utaratibu wa ndani. Ukiona pistoni ina mifereji au matundu usoni, hiyo ni ya kuzungusha.

Diski ina unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, umegongwa kwenye chuma chenyewe, kwa kawaida maandishi MIN TH na namba ya milimita. Pima kwa kalipa ya vipimo sehemu kadhaa, si ukingoni ambako kuna ubavu wa kutu. Ikiwa chini ya hapo, haichongwi, inabadilishwa. Kabla ya kuweka diski mpya, sugua uso wa habu (kitovu ambacho diski inakaa juu yake) mpaka uone chuma. Kijichembe cha kutu kikibaki pale, diski inakaa mshazari kidogo sana, na baada ya kilomita kadhaa usukani unaanza kutetemeka tena na utamlaumu aliyekuuzia diski.

Ukimaliza yote na kabla gari halijasogea hata hatua moja: kanyaga pedali mpaka iwe ngumu. Pistoni ziko ndani kabisa, mkanyago wa kwanza hautashika kitu. Nati za tairi zikazwe kwa mpangilio wa nyota kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Toyota nyingi ndogo ni Nm 103. Zirudie kukaza baada ya kutembea kidogo.

Dramu nitapita haraka kwa sababu kanuni ni zilezile. Fungua upande mmoja tu, upige picha springi zote kabla ya kutoa hata moja. Funua raba za silinda ndogo ya gurudumu utazame ndani: unyevu kidogo si kesi, oili ikitiririka badilisha. Laining iliyolowa oili haisafishiki, itupe. Na hakikisha kile kirekebishi chenye meno kinazunguka bure, kwa sababu kikiganda ndipo pedali inapoanza kwenda chini sana.

Kutoa upepo. Mnahitaji watu wawili, mpira mwangavu, chupa yenye oili safi kidogo ambayo ncha ya mpira imezama ndani yake. Gari nyingi za zamani unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta, unamalizia la karibu. Zile ambazo mfumo wake umegawanywa mshazari, mpangilio ni tofauti, fuata kitabu. Wa kwenye pedali anakanyaga polepole na kusema "nimeshika". Wa chini anafungua nipeli, oili na mapovu yanatoka, anafunga, anasema "achia". Pedali isiachiwe hata kidogo kabla nipeli haijafungwa, la sivyo hewa inavutwa kurudi ndani. Kikopo kisikauke katikati ya kazi.

Kwenye gari la zamani kuna jambo la kuzingatia: weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Masta kuukuu ina sehemu ya ndani ambayo raba zake hazijawahi kufika kwa miaka, kuna kutu na uchafu pale. Ukiipeleka hadi mwisho, raba zinakwaruzwa, na masta iliyokuwa nzima asubuhi inaanza kupitisha mchana.

Nipeli ikigoma usiilazimishe. Dawa ya kutu usiku kucha, igonge taratibu kwa nyundo ndogo, tumia spana ya boksi yenye pembe 6, jaribu kukaza kidogo kwanza ndipo ufungue. Ikikatika, kazi yako imekuwa ya kalipa nzima.

Rejeta nitaileta kwenye posti inayofuata. Wenye maswali ya breki waanze.

#2 Mchangiaji

Mkuu uzi umeshiba, asante. Mimi nimebadilisha pedi mbele, pini nimezisafisha, lakini gurudumu la kushoto linapata moto sana kuliko la kulia. Kalipa nimeambiwa niitupe.

#3 Mleta uzi

Usiitupe kwanza. Nyanyua, zungusha gurudumu uone linavyoshika. Sasa mtu akanyage breki na kuachia. Likiendelea kushika, fungua nipeli ya kalipa hiyo robo mzunguko. Oili ikiruka na gurudumu likaachia palepale, shinikizo lilikuwa limefungiwa ndani. Hapo mtuhumiwa ni hozi. Hozi kuukuu hupasuka kwa ndani, utando wake unageuka vali: mguu una nguvu ya kusukuma oili ipite kwenda, lakini kurudi haina nguvu ya kutosha. Kwa nje hozi inaonekana nzima kabisa. Badilisha hozi zote mbili za mbele.

Ukifungua nipeli na gurudumu bado limeshika, basi ni pistoni au pini. Kumbuka kinachorudisha pistoni si springi. Ni ile raba ya pembe nne iliyoizunguka: inajikunja pistoni ikitoka na kuivuta kidogo sana ukiachia. Ikiwa ngumu kwa uzee au ina kutu nyuma yake, haivuti tena. Seti ya raba za kalipa inatosha kama pistoni yenyewe haijaliwa.

#4 Mchangiaji

Naongezea kwa wenye ABS: modyuli ikiingiwa na hewa, kwenye baadhi ya magari haitoki kwa kukanyaga tu, inahitaji mashine ya kuiamrisha pampu izunguke. Kwa hiyo kikopo kisikauke kabisa.

#5 Mleta uzi

Sahihi kabisa mkuu. Na kwa pedi mpya: zizoeshe. Punguza mwendo kutoka kama 60 hadi 10 kwa breki ya wastani, bila kusimama kabisa, rudia mara kadhaa huku ukiacha zipoe katikati. Barabara iwe tupu.

#6 Mleta uzi

Sasa rejeta.

Amri ya kwanza: kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Si kwa kitambaa, si kwa ujanja. Mfumo uko kwenye shinikizo. Kifuniko cha bar 0.9, ambacho ni cha kawaida kwenye gari nyingi za zamani, kinapandisha kiwango cha maji kuchemka kutoka nyuzi 100 hadi karibu 118. Maji yaliyo ndani yanaweza kuwa nyuzi 110 na bado ni maji. Ukifungua, shinikizo linaondoka na yanageuka mvuke usoni pako kwa mara moja. Subiri mpaka uweze kuushika mpira wa juu kwa mkono bila kuuachia.

Na injini iliyochemka usiimwagie maji baridi. Silinda hedi ya alumini inapinda, au inapasuka.

Feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe hata swichi ikiwa imezimwa. Chomoa plagi yake au waya hasi wa betri kabla ya kuingiza mkono.

Swali la kwanza kujiuliza ni hili: linachemsha wapi? Likichemsha kwenye foleni na kupoa ukikimbia, maji yanazunguka ila hewa haipiti. Tafuta feni, swichi ya feni, kiungo cha mnato cha feni, au lile koti la plastiki linaloizunguka feni ambalo wengine hulitoa na kulitupa. Bila koti, feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta. Likiwa sawa kwenye foleni lakini linapanda ukikimbia au ukipanda mlima, hewa ipo ila maji hayatoshi: rejeta imeziba ndani, mpira wa chini unanyonyeka na kubana, pampu imelika, themostati (vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta) haifunguki yote. Swali hilo moja linaokoa vipuri vingi.

Kisha kifuniko. Ni kipuri kidogo kinachodharauliwa sana. Kina vali mbili: moja inashikilia shinikizo, nyingine inaruhusu maji yarudi kutoka kwenye kidumu cha akiba injini ikipoa. Raba yake ikipasuka, unapoteza shinikizo na gari linachemka kwa joto ambalo lingelimudu. Vali ya pili ikigoma, asubuhi utaukuta mpira wa juu umejinyonga bapa. Ukiona hivyo, anza na kifuniko.

Kutafuta uvujaji: gari likiwa baridi, pita na tochi. Kulanti (dawa ya rejeta inayochanganywa na maji) ikikauka inaacha gamba la rangi yake au weupe. Angalia maungio ya plastiki na alumini, shingo za mipira, chini ya pampu ya maji ambako kuna kitundu kidogo. Kitundu hicho kimewekwa makusudi. Kikidondosha maji, sili ya pampu imekwisha na bearing itafuata. Usikizibe. Ndani ya gari, zulia la upande wa abiria likilowa na vioo vikipata ukungu wenye harufu tamu, hita (rejeta ndogo ya kupasha joto ndani ya gari) imetoboka.

Rejeta za kale za shaba zinalehemika vizuri, na fundi anaweza kufungua tangi na kusafisha mirija kwa ndani. Za alumini zenye matangi ya plastiki ni habari nyingine. Plastiki ikishageuka rangi ya kahawia na kuwa kavu, inapasuka shingoni, na ufa wake unafunguka ukiwa wa moto tu. Gundi ya epoksi itakufikisha nyumbani, si matengenezo.

Kuishusha: mwaga maji injini ikiwa baridi, kwa beseni. Kulanti ya ethilini glikoli ni tamu na ni sumu. Mtoto au mbwa akiinywa inaua figo. Isimwagwe chini wala mtaroni. Bomba la kumwagia mara nyingi ni la plastiki na limechoka, lizungushe kwa vidole, si koleo. Mpira ukigoma kutoka, usiuchokonoe kwa bisibisi, utavunja shingo. Uchane kwa kisu kwa urefu; mpira ni rahisi kupatikana kuliko rejeta. Ukiwa umeitoa rejeta, ioshe mapezi yake kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje, ili wadudu na vumbi vitoke vilikoingilia. Presha ya kuoshea magari inakunja mapezi yote.

Themostati. Najua wengi humu wanaamini kuitoa kunapoza gari. Naomba mnisikilize. Kwanza, injini inayofanya kazi baridi inakula mafuta mengi na oili yake inakusanya unyevu na tope. Pili, kwenye injini nyingi themostati ikifunguka huwa inafunga njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto haifiki kwenye rejeta. Kwa hiyo unaweza kuitoa na gari likachemsha zaidi. Ipime: ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto, isiguse chini. Namba iliyogongwa juu yake, mara nyingi 82 au 88, ndipo inapoanza kufunguka. Ukiirudisha, kile kivali kidogo kinachochezacheza kikae juu, hewa ipitie hapo.

Kujaza: nusu kulanti, nusu maji yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kupozwa (distilled). Mchanganyiko huo unaanza kuganda karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, na hata bila shinikizo unachemka karibu 107. Lakini kwa gari la zamani faida kubwa ni dawa za kuzuia kutu. Maji matupu ya bomba yanaleta gamba na kutu, na kutu hiyo ndiyo inayoziba mirija. Rangi isikudanganye, kijani cha kiwanda kimoja si lazima kiwe sawa na cha kingine. Fuata aina iliyoandikwa kwenye kitabu. Ukihama aina, osha mfumo mzima kwanza.

Jaza polepole, hita iwekwe kwenye moto wa juu kabisa, pua ya gari iwe juu kidogo, kifuniko kikiwa wazi tangu injini ikiwa baridi. Washa, bana mpira wa juu mara kwa mara, mapovu yatoke. Themostati ikifunguka kiwango kitashuka ghafla, ongeza. Ngoja mpaka feni iwake na kuzima. Funga. Kesho yake asubuhi kagua tena.

#7 Mchangiaji

Mwalimu, zile poda na dawa za kuziba matundu ndani ya rejeta vipi? Nimewekewa na fundi, sasa hita haitoi joto.

#8 Mleta uzi

Dada, umejijibu. Haijui tundu la kuvuja ni lipi na mrija wa hita ni upi, inaganda popote penye wembamba. Tenganisha mipira miwili ya hita, pitisha maji ya bomba kwa shinikizo dogo upande mmoja kisha geuza upande wa pili, mpaka yatoke safi. Mara nyingi inafunguka. Isipofunguka, hita ibadilishwe. Rejeta na kidumu cha akiba navyo vioshwe hivyohivyo.

#9 Mchangiaji

Nimeweka rejeta mpya, pampu mpya, themostati mpya. Maji yanapungua na sioni yanapovujia. Asubuhi nikiwasha, mpira wa juu unakuwa mgumu ndani ya dakika chache.

#10 Mleta uzi

Mkuu, mpira kuwa mgumu wakati injini bado ya baridi ni shinikizo ambalo halikutokana na joto. Linatoka kwenye silinda. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, washa, tazama shingoni. Mapovu yakija mfululizo na kuongezeka ukikanyaga mafuta, gasketi ya silinda hedi imepitisha. Hakikisha kwa ile dawa ya bluu inayowekwa kwenye shingo ya rejeta: gesi ya moshi ikiigusa inageuka njano. Tazama pia kifuniko cha oili ya injini na plagi za kuwashia mafuta kwenye silinda. Plagi moja ikiwa safi kuliko zote, silinda hiyo inaoshwa na maji.

Ikithibitika, usiishie kubadilisha gasketi. Silinda hedi ipelekwe kupimwa unyoofu na ufa, na kuchongwa ikihitajika. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda haidumu. Kazi hii kama hujawahi, ifanye na mtu aliyeifanya.

#11 Mchangiaji

Mimi gari langu ni la gia za kujiendesha, nataka kushusha rejeta mwishoni mwa wiki. Kuna mabomba mawili ya chuma chini, ni ya nini?

#12 Mleta uzi

Hayo ni ya kupoza oili ya gia, mkuu, na umefanya vizuri kuuliza kabla. Ndani ya tangi moja la rejeta kuna kipoza oili kidogo kilichozamishwa kwenye kulanti. Ukifungua mabomba, oili ya gia itamwagika. Ziba ncha zote kwa vizibo safi, pima kiasi kilichotoka, na ukimaliza ongeza aina ileile kwa kipimo cha kijiti kama kitabu kinavyoelekeza. Shikilia nati ya upande wa rejeta kwa spana moja wakati unafungua ya bomba kwa nyingine, la sivyo unapindua kipoza chote ndani.

Kagua rejeta ya sasa kabla ya kuishusha. Ukikuta kulanti ina utando wa mafuta mekundu, au kijiti cha gia kinatoka na oili iliyopauka yenye rangi ya waridi, kipoza kimetoboka na vimiminika vinaingiliana. Hapo gari lisiwashwe tena, hata kulisogeza tu, kwa sababu maji yanabandua bitana za klachi za gia. Badilisha rejeta, osha mabomba, na oili ya gia imwagwe na kubadilishwa zaidi ya mara moja mpaka itoke safi, ndipo ulijaribu barabarani.